Je, Timu ya Mpira Yaweza Kukaa Katika Kiwanja cha Raga?

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Katika mkutano uliopita swali liliulizwa hapa, likaahirishwa kwa kuwa saa zilikuwa zimepita: timu ya mpira wa miguu isiyo na kiwanja chake, je, yaweza kuingia katika kiwanja cha watu wa raga, ikakitumia pamoja nao, na hata kukiongezea majukwaa? Baadhi yenu mlicheka, mkidhani ni jambo dogo la michezo. Sisi tuliopewa kazi ya kulijibu tumeona ya kuwa si la michezo hasa. Ni jambo la mikataba, na kwa sababu hiyo ni jambo la makarani. Hatukutaka kulijibu kwa kukisia, basi tumetafuta mahali ambapo limekwisha kutendeka, nasi tumeupata mji wa Bristol, katika Uingereza, ambako habari yote imeandikwa na matokeo yake yameonekana.

Kwanza tuseme neno juu ya ardhi yenyewe, maana wengi huanzia hapo na wengi huishia hapo. Kiwanja cha raga kina urefu usiozidi mita 100 kati ya mstari wa goli na mstari wa goli, na upana usiozidi mita 70. Lakini nyuma ya kila mstari hapana budi pawe na nafasi nyingine ya mita 6 hadi 22 ya kuangushia mpira. Kiwanja cha mpira wa miguu kinachopendwa siku hizi ni mita 105 kwa 68. Kwa hiyo mpira wa miguu waenea ndani ya raga bila taabu, na milingoti mirefu yaweza kung'olewa na kurudishwa. Taabu iko kwa watazamaji. Aketiye nyuma ya goli katika kiwanja cha raga yu mbali na goli la mpira, na timu ya mpira ikitaka kuongeza majukwaa, jambo la kwanza litakaloijia moyoni ni kuyasogeza mbele. Siku itakapoyasogeza, raga imekwisha fukuzwa bila barua yo yote kuandikwa.

Tena kuna majani. Katika raga watu kumi na sita huinama na kusukumana mahali pamoja, na michezo yote miwili huchezwa huko Ulaya katika miezi ile ile ya mvua na baridi. Kule Newport, katika Wales, timu ya Newport County iliingia mwaka 2012 katika Rodney Parade, kiwanja cha raga kilichofunguliwa mwaka 1877. Katika msimu wa 2016 na 2017 timu tatu zilikuwa zikikanyaga majani yale yale, na kiwanja kikageuka tope. Mwaka 2017 wanachama wa klabu ya raga walikubali kwa kura kukiuzia Chama cha Raga cha Wales, na majani mapya yaliyoshonwa pamoja na nyuzi za plastiki yakawekwa. Mwezi wa Januari 2018 Tottenham walikuja hapo wakatoka sare ya bao 1 kwa 1, na Januari ya mwaka uliofuata Leicester City wakafungwa 2 kwa 1. Basi majani ni jambo la fedha, wala si kizuizi.

Hata sheria za nchi haziitazami michezo hii miwili kwa jicho moja. Kwa sheria ya mwaka 1985, katika Uingereza na Wales, mtazamaji wa mechi kubwa za mpira wa miguu haruhusiwi kunywa pombe akiwa mahali anapoona kiwanja. Lakini mtu yule yule, akiketi kiti kile kile siku ya raga, ataruhusiwa kunywa. Twaliacha hilo kwa wale waliocheka. Lililo zito zaidi ni majukwaa ya kusimama. Mwaka 1989 watu 97 waliumia hata wakafa kwa msongamano katika kiwanja cha Hillsborough, na baada ya hapo viwanja vya madaraja mawili ya juu ya mpira wa miguu vikatakiwa kuwa na viti tupu. Raga haikutakiwa hivyo. Kwa hiyo jukwaa linalowafaa watu wa raga miaka hamsini laweza kuwa halifai kabisa siku timu ya mpira ipandapo daraja, na hapo ndipo swali la kujenga huja kwa haraka.

Sasa twaja Bristol. Timu ya Bristol Rovers ilikaa Eastville miaka mingi, lakini mwaka 1940 ilikiuza kiwanja hicho kwa kampuni ya mbio za mbwa, ikawa mpangaji katika nyumba iliyokuwa yake. Mwaka 1986 ikatoka, ikaenda kucheza Bath, mji wa jirani, ikakaa huko miaka kumi. Fikirini, Mabwana, timu yenye jina la mji wake, na kila mechi ya nyumbani ni safari.

Upande wa Horfield, ndani ya Bristol, klabu ya raga ilikuwa na kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1921. Hakikuwa kiwanja tu. Kilijengwa kuwa ukumbusho wa wachezaji wa raga wa mji ule waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, ndiyo maana kikaitwa Memorial Ground, na malango yake ni malango ya ukumbusho. Mwaka 1996 watu wa raga waliwafungulia Rovers malango hayo. Kwanza Rovers walikuwa wapangaji, kisha wakanunua nusu, wakawa washiriki katika kampuni moja yenye kumiliki kiwanja. Katika mapatano yao mliandikwa kifungu: mmoja akishindwa kulipa madeni na mali yake kuwekwa chini ya wasimamizi, mwenziwe aweza kuinunua nusu ile.

Twadhani siku ya kutia sahihi kila upande ulikiona kifungu hicho kuwa ngao yake. Mwaka 1998 klabu ya raga ilishuka daraja na fedha zake zikaisha; ikaingia chini ya wasimamizi. Rovers wakakitumia kifungu, wakawa wenye kiwanja chote. Miaka miwili tu ilikuwa imepita. Wale waliomkaribisha mgeni wakawa wapangaji wa mgeni, katika kiwanja walichokijenga kwa ajili ya wafu wao. Hatuwalaumu Rovers, hawakuiba, na wenye raga walipewa nafasi ya kuendelea kucheza hapo. Lakini karani aliyeandika kifungu kile aliyapima maneno yake kuliko wazee waliokitia sahihi.

Je, baada ya kukipata waliweza kukiongeza? Mwaka 2007 halmashauri ya mji ilikubali mpango wa kukijenga upya kiwe na viti 18,500. Fedha zilitegemea nyumba za wanafunzi zitakazojengwa pamoja nacho. Mwaka 2008 mshirika wa nyumba hizo akajitoa, na mpango ukalala. Mwaka 2011 likatangazwa shauri jingine: kujenga kiwanja kipya karibu na chuo kikuu kiitwacho UWE, kwa fedha za kuuza kile cha Horfield kwa kampuni ya maduka ya Sainsbury's. Hilo nalo likaenda mahakamani. Ugomvi uligeuka juu ya kibali cha kujenga duka, na hasa juu ya saa ambazo magari yangeruhusiwa kushusha mizigo, kwa kuwa pande zote za kiwanja pana nyumba za watu wanaolala. Rovers walishindwa mwaka 2015, wakakata rufaa, wakashindwa tena mwaka 2016. Mwaka 2017 mpango wa chuo kikuu ukaachwa. Mwaka 2023 wakaanza kujenga jukwaa jipya upande wa kusini, nayo kazi ikaanza kabla ya halmashauri kutoa kibali. Tangu mwaka 1996 hata hapo ni miaka ishirini na saba, na lililojengwa mwisho ni jukwaa moja.

Watu wa raga walikaa hata mwaka 2014, kisha wakahamia Ashton Gate, upande wa pili wa mji, kwa timu ya mpira ya Bristol City. Huko kiwanja kilipanuliwa kikaingiza watu 27,000, na michezo yote miwili yachezwa hapo. Kwa nini huku imewezekana na kule haikuwezekana? Tajiri mwenye timu zote mbili alikuwa mmoja. Hakuna aliyengoja mwenziwe afilisike.

Jibu letu kwa muulizaji, basi, ni ndiyo, yaweza kukaa. Ardhi yatosha na majani hutunzika. Kwa kupanua tunasita. Kama timu yetu yo yote itafikiri kwenda kwa watu wa raga, twataka tuone kwanza karatasi tatu: ya umiliki, ya kibali cha majirani na halmashauri, na ile isemayo nani atabaki na nini mmoja akianguka. Hiyo ya tatu isomwe mbele ya wanachama wote kwa sauti, kwa Kiswahili, wala isiachiwe watu wawili chumbani.

Malango ya Horfield bado yapo, na ukumbusho wa mwezi wa Novemba hufanywa hapo hata sasa, ingawa raga haichezwi tena ndani yake. Bwana Mwenyekiti, tuko tayari kwa maswali.