Wiki ya Kufunga Shule: Kitabu Kiende Likizo na Mtoto

Mada kwa semina ya walimu wa Darasa la Kwanza na la Pili

1.0 Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie wiki ya mwisho kabla ya likizo ya Desemba.

2.0 Maana ya dhana

Likizo ni mapumziko ya masomo. Shughuli za likizo ni kazi ambazo mwanafunzi huzifanyia nyumbani. Haya tunayajua. Tunajua pia kuwa tangu 2015 madarasa haya yanajikita katika KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu.

3.0 Tatizo

Mtihani ukiisha, mwalimu anajaza ripoti huku watoto wakifagia uwanja. Vitabu vinahesabiwa na kufungiwa kabatini. Sababu ipo: kitabu ni mali ya umma, na kikipotea mwalimu ndiye anayeulizwa. Siupingi utaratibu huo. Naomba utazamwe upya.

Novemba ya mwaka mmoja, mwanafunzi wangu wa Darasa la Pili alisoma "Mama anapika uji" bila kusita. Januari aliweka kidole chini ya "anapika", akasema "a… na…", akanyamaza, akanitazama. Nyumbani kwao, likizo nzima, maandishi aliyoyaona ni ya pakiti ya chumvi. Siku hiyohiyo tulifungua kabati tukakuta mchwa wamekula vitabu vya rafu ya chini, wakabakiza majalada. Tulimnyima mtoto, tukawapa mchwa. Jambo hili linaniuma mpaka leo.

Mwaka uliofuata, kwa idhini ya mwalimu mkuu, niliazimisha vitabu vya hadithi, kila mzazi akitia saini kwenye daftari. Vilirudi vyote isipokuwa viwili. Kimoja kilirudi na doa la mchuzi. Nililifurahia doa lile: kitabu kilisomwa jikoni.

4.0 Mapendekezo

(a) Vipindi vya wiki ya kufunga viendelee. Usafi uwe na saa yake.

(b) Jumatatu na Jumanne watoto wachague kitabu na kusomeana wawili wawili.

(c) Jumatano wajifunze kuhesabu chenji, ili wakitumwa dukani wafanye hesabu.

(d) Alhamisi wafundishwe kumuuliza bibi au babu kitendawili na kukiandika.

(e) Ijumaa, siku ya ripoti, mzazi atie saini kwenye daftari na kuondoka na kitabu.

(f) Mzazi asiyejua kusoma aombwe kukaa tu na kumsikiliza mtoto. Hilo linatosha.

(g) Halmashauri zitoe maelekezo ya maandishi kuwa kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kisihesabiwe kuwa hasara ya mwalimu.

(h) Wiki ya kwanza baada ya shule kufunguliwa Januari kila mtoto asimulie alichosoma.

(i) Narudia: vitabu visifungiwe kabatini.

5.0 Hitimisho

Shule ina haki ya kufungwa. Kabati la vitabu libaki wazi mpaka mtoto wa mwisho aondoke na chake.