Piga picha ya kunguru, ficha nyumba yako

Juzi binti mmoja wa Jeddah alinionyesha iNaturalist, programu ya bure ya simu inayotambua wanyama na mimea. Alipiga picha ya kunguru mwenye shingo ya kijivu, yule yule mwizi wa Mombasa na Dar, na jina likatokea. Nikacheka. Kisha nikaona ramani: picha ameipiga roshani kwao, na alama imekaa juu ya nyumba yao. Mimi nimekuwa mkimbizi; nilishtuka. Ukipiga picha nyumbani, kabla ya kuituma chagua mahali pafichwe. Ukiwa Wadi Hanifa, Riyadh, au ufukweni Jeddah, acha wazi, maana watafiti wanahitaji kujua mnyama alionekana wapi. Nyoka msimfuate kwa ajili ya picha.