Mfalme Gorilla

Tarehe 27 Aprili Waholanzi walivaa rangi ya chungwa kumshangilia mfalme wao, na ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: “Mtangazaji, hao hawajawahi kumkejeli mfalme?” Wee! Wamewahi, na kwa kijitabu cha kuuzwa mitaani.

Ni Februari 1887. Mfalme Willem III, mwepesi wa hasira na mpenda starehe, anatimiza miaka 70. Bendera zinapepea kila kona, na wajamaa nao wanauza zawadi yao: kijitabu kuhusu maisha ya Mfalme Gorilla. Mwandishi hakuweka jina, naye hakuwa mjinga. Ni Sicco Roorda van Eysinga, mtu aliyekwisha kufukuzwa koloni la Uholanzi huko Indonesia, na sasa anakaa zake Uswisi. Gorilla ni nani? Kila mnunuzi alijua!

Mjamaa mwenzake Domela Nieuwenhuis, mchungaji aliyeacha kanisa akawa mhariri, yeye alikuwa keshafungwa. Gazeti lake lilichapisha makala iliyosema mfalme kazi yake haifanyi sawasawa. Kwa hilo tu, hukumu mwaka mzima! Gerezani Utrecht wakamkalisha kugundisha mifuko ya karatasi.

Ngoja, kuna simu kutoka Goma. Anasema gorila wa kwao ni watulivu, Waholanzi waliwaonea kuwafananisha na mfalme yule. Ndugu yangu, nakuunga mkono kabisa.

Lakini nimpendaye mimi katika kisa hiki ni kijana Alexander Cohen. Septemba mwaka huohuo, The Hague, msafara wa mfalme unapita. Watu wanashangilia. Cohen anapaza sauti: aishi Domela Nieuwenhuis, uishi ujamaa, aondoke Gorilla! Mbele ya mfalme mwenyewe, jamani! Mahakama ikampa miezi 6. Akachanja mbuga, Ubelgiji kwanza, kisha Paris. Miaka inapita, mfalme anafariki 1890, na Cohen anaporudi nyumbani 1896, wanamkamata na kumtia ndani kwa ile kelele ya 1887. Mfalme yuko kaburini, kifungo kiko palepale!

Mnataka kucheka zaidi? Uzeeni, akiwa Ufaransa, Cohen huyuhuyu aligeuka mpenzi wa wafalme. Mwaka 1936 alitoa kitabu kueleza safari yake kutoka kupinga serikali zote hadi kuutetea ufalme.