Kikombe cha Motokaa ni cha Nani?

(Maneno ya ndugu mmoja, fundi wa bodi, aliyowaambia wanachama katika mkutano wa tawi la mafundi wa magari.)



Nimeombwa niseme juu ya mashindano ya motokaa za zamani. Najua wako watakaosema: hayo ni mambo ya matajiri, yatuhusu nini sisi? Nisikilizeni kidogo, halafu mtaamua wenyewe.

Sisemi juu ya mbio. Haya ni mashindano ya kusimama. Gari huwekwa juu ya majani, waamuzi hulizunguka na karatasi zao mkononi, na lililo bora hupewa kikombe. Hapa Nairobi yalianza mwaka 1970, na yamewahi kufanywa katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Lakini yanayosifiwa zaidi duniani ni yale ya Pebble Beach, pwani ya California, Marekani, yaliyoanza mwaka 1950.

Miaka ya kwanza huko kikombe kikubwa kilikuwa kikienda kwa magari mapya. Mwaka 1955 mambo yaligeuka. Mshindi alikuwa Pierce-Arrow ya mwaka 1931, gari la fahari kutoka kiwanda cha Buffalo. Pierce-Arrow ilijulikana kwa taa zake: magari mengine ya siku zile taa zao zilisimama peke yake mbele, lakini za Pierce-Arrow zilikaa ndani ya madigadi. Mwenye gari alikuwa Phil Hill. Wengi wanamjua kwa mbio, maana mwaka 1961 alikuwa Mmarekani wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Formula One. Lakini kabla ya sifa hizo alikuwa fundi wa gereji, mwenye grisi kwenye kucha kama mimi na wewe. Gari lile lilikuwa la jamaa zake, naye alishika spana mwenyewe katika kulifufua. Basi siku ile kikombe kilishikwa na mkono uliofanya kazi. Ndugu zangu, si kila mwaka huwa hivyo.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Katika chama cha wenye magari hayo huko Marekani, kilichoundwa mwaka 1952, gari huhesabiwa kwa alama 100, na kila kosa hukata alama. Wala hazikatwi kwa vumbi peke yake. Boliti isiyo ya wakati wake ni kosa. Gari la mwaka 1920 likipakwa kromi ni kosa, kwa kuwa siku zile walitumia nikeli. Waya wa taa uliokuwa umefunikwa kwa kitambaa ukiwekwa wa plastiki, ni kosa. Taa ziwake, honi ilie, injini ikiguswa iitike. Tena huko Pebble Beach, tangu mwaka 1998, kuna safari ya barabarani siku chache kabla ya mashindano. Magari mawili yakilingana alama, lile lililomaliza safari ndilo linalopewa. Kwa hiyo kung'aa tu hakutoshi.

Ni nani ajuaye mambo hayo yote? Ni fundi. Chini ya bati la bodi za siku zile kuna mbao, basi inatakiwa seremala. Viti vinataka mshonaji wa ngozi. Kiwanda cha Pierce-Arrow kilifungwa mwaka 1938, kwa hiyo kipande kikivunjika huendi dukani. Mtu lazima akichonge. Kazi ya gari moja huweza kumeza saa maelfu. Alama zile 100, ndugu, ni saa za watu.

Mimi mwenyewe niliwahi kuonja. Miaka mingi iliyopita, katika gereji ambayo sitaitaja, tulitengeneza gari moja kubwa la Kimarekani kwa mashindano. Wiki nne za mwisho tulifanya kazi hata usiku. Mlango wa kushoto niliupiga na kuusugua kwa msasa mara sita, kwa kuwa kila nikiutazama katika mwanga wa jioni niliona wimbi. Jumapili nilisimama nyuma ya kamba, kitambaa cha kufutia mfukoni. Mwamuzi alipitisha kiganja juu ya mlango ule, akamwuliza mwenye gari, "Umefanyaje hata ukanyoka hivi?" Akajibiwa, "Subira tu."

Kikombe wakapata. Jumatatu nikaenda ofisini kuuliza saa zangu za usiku. Karani akafungua kitabu, hakuna hata moja. Akaniambia, "Una karatasi?" Sikuwa nayo. Baadaye nikaja kujua ya kuwa mwenye gari alilipa saa zote, moja moja. Zilikuwamo katika hesabu aliyopelekewa, hazikuwamo katika mshahara wangu.

Jambo hili si la hapa tu. Bodi ya Pierce-Arrow ile ya mwaka 1955 ilikuwa na jina la LeBaron, na LeBaron ilikuwa mali ya kampuni ya Briggs ya Detroit tangu mwaka 1927. Januari 1933 maelfu ya wafanya kazi wa Briggs waligoma. Walinung'unikia mishahara iliyokatwa, tena na saa za kungoja: mtu yuko kiwandani, vipande havijafika, amesimama pale pale na halipwi. Waliziita saa zilizokufa. Wakati ule UAW, chama kikubwa cha wafanya kazi wa motokaa, hakikuwapo bado. Kiliundwa mwaka 1935. Kwa hiyo tunaponung'unika juu ya saa, tusione haya. Wametutangulia wengine.

Basi nawaomba mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama awe na daftari lake: tarehe, gari, kazi, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Mwombe msimamizi atie sahihi kila Jumamosi. Akikataa, andika kwamba amekataa. Pili, ukifanya kazi ya namna hii, mweke kijana karibu yako atazame. Wazee wanaojua kuunganisha mbao na bati wanakwisha, na kazi hii hawezi kuifanya mtu asiyefundishwa. Tatu, kamati iwaombe wenye magari waandike majina ya mafundi katika kibao kinachowekwa mbele ya gari siku ya mashindano. Jambo hilo halina gharama.

Madaftari yako mezani kwa karani wa tawi. Chukueni kabla hamjatoka, na mkutano ujao mje nayo, tuyasome pamoja.

Umoja ni nguvu.