Ufunguo wa Nyumba ya Watu

Somo: Matendo ya Mitume 16:11–15 na mstari wa 40

Twasema nanyi kutoka Feri, hapa Mombasa, upande wa kisiwani. Tangu alfajiri watu hushuka hapa kwa maelfu wakitoka Likoni. Wengi huenda kazini, wengine Marikiti, na wachache huja na mizigo yao yote begani, maana hawajui watalala wapi. Aendaye kwa miguu haulizwi nauli. Huvuka bure, akapanda kilima, akapotea katika mji.

Mtume Paulo naye alivuka maji. Alipanda merikebu Troa, akapita Samothrake, kesho yake akashuka Neapoli, na kutoka huko akafika Filipi. Kwa maneno yetu ya leo, alitoka Asia akaingia mji wa Ulaya. Filipi ulikuwa mji wa fahari, koloni la Warumi, lakini Luka hatuelezi habari za majumba yake. Atuambia ni nani aliyewapokea. Ni mama mmoja jina lake Lidia, mwuza rangi ya zambarau. Tena yeye mwenyewe hakuwa mzaliwa wa pale, alitoka Thiatira. Alipokwisha kubatizwa pamoja na watu wa nyumbani mwake, aliwataka Paulo na wenzake wakae kwake, na Luka asema kwamba aliwashurutisha.

Zamani tulipolisoma neno hilo tulidhani ni adabu ya mwenyeji tu. Kwa nini mgeni ashurutishwe kulala mahali pazuri? Tulifahamu tulipokuwa wageni sisi wenyewe.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2014 sisi wawili, yaani mchungaji na mama mchungaji, tulialikwa London na parokia moja. Hatukupelekwa hotelini. Tulipewa nyumba ya wazee wawili wa kanisa hilo, huko Woolwich, kusini-mashariki mwa jiji, karibu na mto Thames. Mzee alikuwa dereva wa basi aliyestaafu, na mkewe alikuwa muuguzi. Tulikuwa tumefunga sanduku zima la zawadi, kanga, korosho na majani ya chai ya Kericho, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba tulikwenda mikono mitupu. Sasa twaona kwamba sanduku lile lilikuwa woga. Tulitaka kulipa kabla hatujala.

Usiku wa kwanza tulilala na makoti yetu. Baridi ilikuwa kali kwa watu wa pwani, nasi tuliona haya kuomba blanketi la pili. Kulipokucha, yule mama aliyaona makoti kitandani akaelewa. Alisikitika kana kwamba yeye ndiye aliyetukosea. Kisha akafungua kabati lililokuwa karibu na vichwa vyetu, na ndani yake mlikuwa na mablanketi manne. Hakuna aliyetunyima. Tulijinyima wenyewe, na huku tulikuwa tumesali kabla ya kulala na kumshukuru Mungu kwa ukarimu wa nyumba ile!

Asubuhi ile ile mzee alitupa ufunguo wa mlango wa mbele. Alisema tukirudi tusipowakuta, tujifungulie na kujipikia chai. Wasikilizaji, sisi watu wa Mombasa twajua kumkaribisha mgeni. Twamwekea kiti kizuri, twamchinjia kuku, twamtandikia shuka mpya. Lakini katika miaka yote ya ndoa yetu hatukuwahi kumpa mgeni ufunguo. Mgeni wetu huingia tukiwapo, na hutoka tukimtazama.

Siku ya tatu mama yule alimwekea mama mchungaji viazi na kisu mezani, akaendelea na kazi zake. Mnaikumbuka methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu methali hiyo husemwa na mwenyeji aliyechoka, akitaka mgeni aisikie kutoka chumba cha pili. Kule haikuwa hivyo. Tangu siku ile ya viazi hatukuulizwa tena kila saa kama tu wazima. Siku ya tano mama mchungaji alipata nazi katika duka la jirani, akapika samaki wa kupaka, na mzee akaramba vidole.

Waliposikia kwamba twakaa Feri walicheka sana, wakatuvalisha skafu na kutuchukua mtoni. Kumbe Woolwich nako kuna feri! Huvusha watu na magari bila nauli, na kazi hiyo ilianza mwaka 1889. Tulisimama karibu na ukingo wa chombo, upepo ukitupiga, nasi tukawaeleza habari za Likoni, mikokoteni, msongamano, na wanafunzi wanaokimbilia lango likifungwa. Tuliwaeleza pia habari za tarehe 29 Aprili 1994, siku feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu zaidi ya 270 wakafa maji. Mzee alivua kofia yake, akaishika mkononi hadi tulipofika ng'ambo.

Siku nyingine walitupeleka Westminster Abbey. Katikati ya sakafu kuna jiwe la kaburi la David Livingstone. Maandishi yake yasema kwamba aliletwa na mikono miaminifu, akapitishwa nchi kavu na bahari, lakini hayaitaji mikono hiyo ilikuwa ya nani. Sisi wa pwani twaijua. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo Zambia leo. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alikuwa amesoma Nasik kule India, katika shule ya watoto waliookolewa utumwani. Yeye ndiye aliyesoma ibada ya maziko walipouzika moyo wa Livingstone chini ya mti. Kutoka shule hiyo hiyo ya Nasik walikuja kwetu William Jones na Ishmael Semler, waliotumika Frere Town, kituo kilichoanzishwa mwaka 1875, wakawekewa mikono na Askofu Hannington mwaka 1885. Kila tupitapo Kengeleni na kuiona ile kengele, twawakumbuka watu wa Nasik.

Jacob alifika Uingereza pamoja na jeneza, akawa miongoni mwa walioshiriki kulisindikiza tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi walichelewa. Rafiki wa marehemu, James Young, aliwalipia safari, wakafika maziko yamekwisha. Nao walipata nyumba. Kasisi Horace Waller aliwapokea kwake kijijini Twywell, wakakaa naye miezi kadhaa, naye akawauliza na kuandika, hadi shajara za mwisho za Livingstone zilipokuwa tayari kupigwa chapa. Majina yao yamo katika ukurasa wa kwanza wa kitabu hicho kilichotoka mwaka 1874, ingawa kitabu chawaita watumishi. Jiweni hayamo. Twawaza kwamba mtu akikaa mezani pako miezi, huwezi tena kumwita mikono tu.

Tumrudie Lidia. Wengi wetu husoma hadi mstari wa 15 tukafunga Biblia. Someni mstari wa 40. Kati ya mistari hiyo miwili Paulo na Sila wamekamatwa, wamevuliwa nguo, wamepigwa bakora mbele ya watu, na wamelala gerezani miguu yao ikiwa katika mkatale. Wakuu wa mji wawaomba waondoke. Walipotoka gerezani waliingia wapi? Kwa Lidia. Mara ya kwanza aliwapokea walimu wageni. Mara ya pili aliwafungulia watu waliotoka kifungoni, na yeye ni mfanyabiashara, na wateja wanaona. Tena safari hii Luka hasemi kwamba walishurutishwa. Waliingia tu, kama watu wenye ufunguo.

Sasa tuseme la kwetu, nalo si jepesi kulisema mbele ya redio.

Tulipofika Mombasa tuliukuta ufunguo wa Woolwich katika mfuko wa koti. Tulisahau kuurudisha! Tuliandika barua ya kuomba radhi, wakajibu kwamba tukae nao, tutauhitaji tutakaporudi. Tukaupigilia msumari sebuleni, karibu na mlango. Kila mgeni akiuliza, twamsimulia.

Miaka miwili baadaye alikuja kijana mmoja wa bara jioni, akiwa na mfuko mmoja na barua mkononi. Alitafuta kazi bandarini. Tulimpa chai na mahamri, naye akauweka barua mezani akingoja tuisome. Hatukuisoma, maana tulikuwa na kikao cha kanisa. Akautazama ule ufunguo ukutani, akauliza ni wa mlango gani. Tukamsimulia yote, blanketi, viazi, feri ya Woolwich. Alisikiliza vizuri sana. Kisha tukasali naye, tukampa shilingi mia tano, tukamwambia atafute gesti ya bei nafuu, na asubuhi aende bandarini. Alishukuru, akachukua mfuko wake, akateremka kuelekea Feri.

Tulipoondoa sinia ndipo tulipoikuta barua chini yake. Iliandikwa na mzee wa kanisa la kwao. Aliomba kijana alale kwetu wiki moja tu, hata sakafuni, maana mjini hana mtu. Jina lake tulilisoma humo, kwa kuwa hatukuwa tumemwuliza. Tuliacha kikao tukashuka. Tulisimama langoni mpaka usiku, feri baada ya feri, tukitazama nyuso. Hatukumwona.

Barua ilikuwa na namba ya simu ya yule mzee wa kanisa. Tulimpigia, naye hakuwa na habari zake. Mwezi uliofuata alitupigia yeye. Alisema kijana yu mzima, amepata kibarua ng'ambo ya pili, na ametutumia salamu. Tukaomba kujua anakaa wapi. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema kijana amesema tusisumbuke.

Tuombe.

Bwana Yesu, wewe uliyelala katika nyumba za watu, wakumbuke wazee wetu wawili wa Woolwich, na yule mama wa Filipi. Mlinde kijana huyu popote alalapo usiku huu, wala asikose blanketi. Na feri itakapowashusha watu jioni ya leo, utupe kumtambua asiye na pa kwenda kabla hajafika lango la pili. Amina.