Noti Isiyo na Nambari

Msikilizaji, sokoni hapa Kabati mtu akiuza mbuzi, noti ya elfu huinuliwa juani kwanza. Muuzaji anatafuta uzi, anatazama nambari, ndipo anaachia kamba. Leo nazungumzia noti ambayo haikuwa na nambari kabisa.

Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, nchi ambayo wazee wetu wa Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, waliijua kwa miguu yao. Walikuja na noti zao za rupia. Kulia kuna picha ya hekalu la Ananda la Pagan, juu pameandikwa Serikali ya Japani, kisha herufi B, ya Burma, na herufi nyingine za kutambulisha fungu. Basi. Raia hakuwa na njia ya kujua zimechapwa ngapi, na hazikuwa na dhahabu wala fedha ya kuzitegemeza. Mkulima alitoa mpunga wake akapokea karatasi, na nani angeikataa mbele ya bunduki? Mimi nauita uporaji wenye risiti.

Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Ukambani wakiwamo, ilishuka Bonde la Kabaw kwenye mvua na matope, na tarehe 2 Desemba ikaingia Kalewa, kando ya mto Chindwin. Mei 1945 Waingereza wakarudi Rangoon. Walileta rupia za India zilizogongwa chapa ya utawala wao wa kijeshi, na zile za Kijapani wakakataa kuzitambua. Jasho la miaka mitatu likawa karatasi ya kuwashia moto.

Mwaka 2019 Benki Kuu yetu ya Kenya ilipoondoa noti za zamani za elfu moja, tulipewa kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba kuzibadilisha. Foleni zilituchosha, lakini tulikuwa na mlango wa kubisha. Mkulima wa Burma hakuwa nao. Aliyemlipa alikuwa ameshindwa vita, na aliyerudi, ambaye naye alikuwa mtawala wa kigeni, alisema deni si lake.

Kama babu yako alikwenda Burma, fungua sanduku lake la bati. Ukikuta karatasi yenye hekalu na herufi B, usiitupe wala usiwape watoto waichezee. Itie kwenye bahasha, andika juu yake jina la mzee na kikosi chake, kisha uiweke pamoja na nishani zake.