KUCHA ZA WAZEE WETU

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kaloleni, Kisumu)



Nimeombwa niseme machache juu ya afya. Huenda wengine mlitazamia habari za malaria au za shinikizo la damu. Hayo tumeyasikia mara nyingi, na ni mambo mema. Lakini leo nataka kusema juu ya kucha za miguu ya wazee. Najua wako watakaocheka. Nawaomba mngoje kidogo, maana jambo hili linahusu kazi zetu kuliko mnavyodhani.

Mtazameni mzee ambaye kucha zake zimekuwa nene kama pembe, rangi ya manjano au kahawia, zinamomonyoka na kutoa harufu. Hawezi kuvaa kiatu, maana kiatu kinamkandamiza. Akienda na malapa huona haya, huificha miguu chini ya kiti. Mwisho haendi tena kanisani wala msikitini, haji mkutanoni, hata siku yake ya kuchukua dawa hospitalini hupita. Watu husema, "Mzee amechoka." Kumbe mzee hakuchoka. Miguu inamuuma, naye anaona aibu kusema.

Ugonjwa wenyewe

Mara nyingi ugonjwa huu huletwa na kuvu. Ni jamaa ya ule ukungu uotao juu ya mkate uliowekwa penye unyevu, ila kuvu hii hula kile kitu kigumu kilichomo katika ukucha na ngozi. Kwa kawaida huanza kati ya vidole. Ngozi huwa nyeupe, huwasha na kubanduka. Mtu asipoitibu, huingia chini ya ukucha polepole, na ikisha kuingia humo ni shida kutoka yenyewe. Yaweza kukaa na mtu miaka mingi. Huu si uchawi, si laana, wala si alama ya uchafu. Hata mtu aogaye kila siku aweza kuupata, hasa kama hakaushi vidole vyake.

Kwa nini huwashika wazee zaidi? Ukucha wa kidole kikubwa cha mguu hukua kiasi cha milimita 1.5 tu kwa mwezi, na kwa mzee hukua polepole zaidi. Basi kuvu hupata nafasi ya kula kabla ukucha haujasukumwa nje. Tena damu ya mzee haifiki miguuni kwa nguvu kama zamani. Mgongo haukunjiki, macho hayaoni vizuri, mkono unatetemeka, naye hawezi kujikata kucha wala kujikausha vidole. Wataalamu wa Ulaya na Amerika hukadiria ya kuwa katika watu 100 kiasi cha 10 wana ugonjwa huu. Katika waliopita miaka 60 ni kama 20, na katika waliopita miaka 70 hesabu yaweza kufika karibu nusu. Kwa hiyo mzee anayeficha miguu yake asidhani yuko peke yake.

Mbegu hupandwa kazini

Lakini uzee peke yake hautoshi. Kuvu hutaka joto, giza na maji-maji, na vitu hivyo vitatu hupatikana pamoja ndani ya buti za mpira, yaani gambuti.

Fikirini kazi za pwani hii yetu ya ziwa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo watu wetu wamefanya kazi bandarini na katika karakana. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilianza mwaka 1922, cha Muhoroni mwaka 1966, na cha Chemelil mwaka 1968, na wakata miwa wakaingia mashambani asubuhi penye umande na matope. Mashamba ya mpunga ya Ahero yalianza mwaka 1969, na huko mtu husimama majini. Baadaye vikaja viwanda vya kukata minofu ya mbuta, ambako sakafu haikauki tangu asubuhi hata jioni. Ongezeni wafagiaji wa hospitali na hoteli, na wale wanaozibua mitaro ya mji.

Kijana wa miaka 25 anayesimama saa nane ndani ya buti zenye maji, akazivua jioni, kisha akazivaa asubuhi zingali mbichi, huyo ndiye mzee wa kesho ninayemsema. Hahisi kitu leo ila muwasho kidogo kati ya vidole. Atauzoea. Siku atakapopewa barua ya kustaafu, atakwenda nayo nyumbani pamoja na kuvu yake. Sisemi kwamba kila ukucha mbaya umetoka kazini. Nasema kwamba mingi ilipata mbegu yake huko, na hakuna aliyeandika habari hiyo katika kitabu chochote.

Wanaowatunza wazee

Wazee wengi wa Kenya hukaa na jamaa zao. Nyumba za kutunzia wazee ni chache, na nyingi huendeshwa na makanisa na mashirika ya hisani. Kwa mfano, huko Nairobi iko Nyumba ya Wazee ya Kasarani, inayoendeshwa na watawa. Lakini iwe ni nyumba ya namna hiyo, au ni chumba kimoja cha binti yake hapa mjini, kazi ni ile ile: lazima awepo mtu wa kumwosha mzee miguu. Mara nyingi mtu huyo ni mama au dada mwenye mshahara mdogo. Naye ni mfanya kazi kama sisi.

Popote wazee wengi wanapokaa pamoja, kuvu husafiri kwa mkasi mmoja, taulo moja, beseni moja, malapa ya kuazimana na sakafu ya bafu. Naye mtunzaji, akisugua kucha nene bila glavu na bila kufunika pua, huvuta vumbi lile. Akipewa wazee wengi peke yake, atawaosha nyuso na kuwalisha, na miguu atasema, "Kesho." Si kwamba hana huruma. Mikono yake ni miwili tu.

Hatari yake

Mtu atauliza: ukucha mbaya umemwua nani? Ukucha wenyewe hauui. Lakini ukucha mnene huchoma nyama ya kidole chake au cha jirani yake, na pale hufunguka kidonda. Mwenye ugonjwa wa sukari aweza kuwa hasikii maumivu miguuni, tena vidonda vyake huchelewa kupona. Atatembea na kidonda siku kumi bila kujua. Vijidudu vikiingia, mguu huvimba, huoza, na mwisho madaktari hulazimika kuukata. Mguu huo ulipotea kwa kukosa mtu wa kuutazama mapema.

Pimeni kwanza, ndipo mnunue dawa

Hapa nataka mnisikilize sana, maana hapa fedha za wazee hupotea. Si kila ukucha mnene una kuvu. Katika kucha zilizoharibika, karibu nusu zimeharibika kwa sababu nyingine: viatu vya kubana, kuumia zamani, magonjwa ya ngozi, au makovu ya funza. Kwa hiyo mwombeni daktari au klinikali ofisa akwangue ukucha kidogo, upelekwe maabara ukatazamwe kwa darubini. Watu weusi wengi huwa na mistari myeusi katika kucha, na mara nyingi haina neno. Lakini mstari mmoja mpya unaozidi kupanuka, au weusi unaotoka chini ya ukucha na kuenea hata ngozi ya kando, usiungoje. Waweza kuwa saratani. Nendeni hospitali upesi.

Ikiwa ni kuvu, dawa ziko. Wazee wengine wanakumbuka vidonge vya griseofulvini, vilivyoanza kutumika kwa watu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa kucha za miguu vilimezwa mwaka mzima au zaidi. Siku hizi hutumika zaidi terbinafini, kidonge kimoja kila siku kwa majuma 12. Lakini si dawa ya kununua kwa jina tu dukani. Yaweza kudhuru ini, na yaweza kugombana na dawa nyingine ambazo mzee anameza. Daktari lazima ajue dawa zake zote, na aweza kutaka kupima damu kwanza. Tena hata dawa ikifanya kazi, ukucha mbaya hautageuka kuwa mzuri. Mpya lazima uote na kuusukuma nje, na hiyo huchukua miezi 12 hata 18. Wengi hutupa dawa mwezi wa pili wakisema, "Haisaidii," nayo inasaidia. Kwa wazee wengine daktari atasema vidonge viachwe, kucha zipunguzwe tu na kutunzwa. Hayo pia ni matibabu.

Mzee wa miaka 70 aliyeandikishwa katika Inua Jamii hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hiyo ni ya unga, sabuni na mafuta. Asiitoe kwa mtu wa sokoni anayeuza chupa isiyo na jina. Wala msimwagie mzee asidi au mafuta ya taa miguuni. Atapata kidonda, na kuvu itabaki pale pale.

Namna ya kumtunza mzee miguu

Kwanza, mwoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Yapime maji kwa kiwiko chako wewe, maana mguu wake waweza kuwa hausikii moto.

Pili, mkaushe kwa taulo lake mwenyewe, na katikati ya kila vidole viwili. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote.

Tatu, kata ukucha sawasawa kwa mbele, usichimbe pembe zake. Ulio mnene upunguzwe kwa tupa ya kucha, kidogo kidogo, na mtunzaji avae glavu na kufunika pua. Mwenye ugonjwa wa sukari, au mwenye mguu baridi usiofikiwa na damu, asikatwe nyumbani. Apelekwe kliniki.

Nne, kila mzee awe na mkasi wake. Kama ni mmoja, usuguliwe kwa sabuni, uchemshwe, na ukauke kabla ya kumshika mwingine.

Tano, soksi zibadilishwe kila siku, na viatu vianikwe juani. Kiatu kiwe kipana mbele.

Sita, itazameni miguu yote kila juma, juu, chini na kati ya vidole, hata kama mzee anasema hana shida.

Kazi ya chama

Sasa mtaniuliza, chama kinahusika wapi? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema wazi: mahali ambapo kazi inamweka mtu katika maji-maji au vitu vya kudhuru, mwenye kazi lazima atoe mavazi ya kumkinga, pamoja na viatu na glavu. Basi tusiridhike na jozi moja ya buti kwa mwaka. Buti zilizolowa hazikauki usiku mmoja. Katika mapatano yetu tudai jozi mbili, zivaliwe kwa zamu, na soksi za pamba, na mahali pakavu pa kubadilishia viatu. Wajumbe wetu makazini waulize swali hili: je, buti hukauka lini?

Kwa wale wanaotunza wazee, tudai glavu, vifuniko vya pua, na saa iliyoandikwa katika zamu kwa kazi ya miguu. Kazi isiyo na saa yake haifanywi.

Tena tuwakumbuke waliostaafu. Tangu Oktoba 2024 mishahara yetu hukatwa asilimia 2.75 kwa bima mpya ya afya. Mzee asiye na mshahara lazima ajiandikishe mwenyewe, na wengi wanashindwa na simu na karatasi. Kila mwanachama amwandikishe mzee mmoja. Napendekeza pia kwamba tawi letu litenge asubuhi moja kila mwezi, tumwombe muuguzi aje, wazee wa mtaa huu waje watazamwe miguu. Gharama yake ni sabuni, mabeseni na mikasi.

Ndugu zangu, wazee hawa walilipa ada za chama wakati ambapo mshahara wao ulikuwa haba, na saa za kazi tunazozifurahia leo ni wao waliozipigania. Walisimama majini kwa ajili yetu. Sisi twaweza kuinama mara moja kwa mwezi tukatazama miguu yao.

Bwana Mwenyekiti, naomba pendekezo langu lipigiwe kura kabla hatujatawanyika.